UZI: Bonn walipotaka kutuchagulia marafiki 1965, na misaada iliyogeuzwa silaha ya diplomasia baada ya vita

Bin Kilosa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi mwingine wiki hii mjadala wa misaada ya nje uliishia pale unapoishia kila mara: "hakuna cha bure." Sawa, lakini kauli hiyo haitufikishi popote. Nataka tushuke kwenye kisa kimoja ambacho sisi wenyewe tulikuwa ndani yake, yaani mvutano wa Tanzania na Ujerumani Magharibi mwaka 1964 na 1965. Sijaona kisa kingine kinachoonyesha wazi namna hii jinsi wakubwa walivyotumia fedha za maendeleo kufanyia diplomasia baada ya Vita Kuu ya Pili, na jinsi nchi changa inavyoweza kujibu.

Lakini kwanza tuone Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi iliyokuwa na makao yake mji huo, walijifunzia wapi.

Mwaka 1945 Ujerumani ilikuwa vifusi. Tarehe 5 Juni 1947 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, George Marshall, alihutubia Chuo Kikuu cha Harvard akaahidi kuisaidia Ulaya isimame tena. Kuanzia 1948 hadi 1952, kwa kile kilichoitwa Mpango wa Marshall, Marekani ilitoa takriban dola bilioni 13. Uingereza ilichukua fungu kubwa kuliko wote, zaidi ya bilioni 3, ikifuatiwa na Ufaransa. Ujerumani Magharibi, adui wa juzi tu, ilipata kama bilioni 1.4. Sehemu kubwa ya fedha zote hizo ilikuwa ruzuku.

Siasa ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi ya Kisovieti, alikwenda Paris kusikiliza, akaondoka na ujumbe wake mwanzoni mwa Julai 1947. Czechoslovakia ilikuwa imeshakubali mwaliko. Viongozi wake wakaitwa Moscow na nchi ikajitoa. Italia ilipokaribia uchaguzi wa Aprili 1948, Marshall alitamka hadharani kwamba wakomunisti wakishinda, msaada utakoma. Mwisho wa mwaka huohuo Waholanzi waliishambulia Jamhuri ya Indonesia iliyokuwa imejitangazia uhuru, na Washington ikasimamisha fungu lililokuwa liende kwa utawala wa Kiholanzi kule Indonesia. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1949, Waholanzi walikabidhi madaraka. Haikuwa sababu pekee, maana Waindonesia walipigana kwa damu yao, lakini ile hofu ya kukatiwa fedha za kujijenga upya ilifanya kazi The Hague, kwenye serikali ya Waholanzi.

Kwa hiyo mpango uleule ulivuta nchi, ukatisha nchi, na mara moja moja ukaadhibu nchi. Ujerumani Magharibi ililelewa ndani ya mpango huo, na iliyoyaona iliyashika. Mwaka 1961, miaka tisa tu baada ya mpango kwisha, Bonn ikaunda wizara yake ya ushirikiano wa kiuchumi, waziri wa kwanza akiwa Walter Scheel. Mpokeaji akawa mhisani, na akaja na sharti lake moja kubwa: usiitambue Ujerumani Mashariki.

Sharti hilo liliitwa Kanuni ya Hallstein, kwa jina la Walter Hallstein, kigogo wa wizara yao ya mambo ya nje, na lilianza kutumika 1955. Lilisema kwamba nchi yoyote itakayofungua ubalozi na Berlin Mashariki, mji mkuu wa Ujerumani Mashariki, imefanya kitendo cha uadui dhidi ya Bonn. Yugoslavia ilivunjiwa uhusiano 1957, Kuba ikafuata Januari 1963. Kwa nchi za Afrika zilizokuwa zinapata uhuru mwaka baada ya mwaka, onyo halikuhitaji hata kuandikwa: madaktari, mikopo, walimu wa ufundi, vyote vingeweza kuondoka.

Naendelea chini, naomba msiingize neno kwanza.

Bin Kilosa

Sehemu ya pili.

Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika tarehe 12 Januari 1964. Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuitambua serikali ya Karume, na Karume akaitambua. Hapo tayari historia ilikuwa imeandikwa: hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa imefungua uhusiano kamili na Berlin Mashariki kabla ya hapo. Wakaleta balozi, wataalamu, na ahadi za nyumba.

Siku nane baada ya mapinduzi, tarehe 20 Januari, wanajeshi wa Tanganyika wakaasi, na serikali ikalazimika kuwaita Waingereza kuwazima. Nyerere alitoka kwenye fedheha ile akiwa ameamua kutotegemea tena taifa moja kwa ulinzi. Moja ya nchi alizozigeukia ni Ujerumani Magharibi, ikakubali kufundisha kikosi cha anga na ulinzi wa pwani.

Tarehe 26 Aprili nchi mbili zikaungana. Mambo ya nje yakawa ya Muungano. Sasa fikirieni hali ilivyokuwa pale Ikulu: upande mmoja wa nchi una ubalozi wa Ujerumani Mashariki, upande wa pili una wakufunzi wa jeshi kutoka Ujerumani Magharibi, na Rais ni mmoja. Bonn walitaka ubalozi wa Zanzibar ufungwe. Karume hakutaka kuwafukuza watu waliomkimbilia wengine walipokuwa wanasitasita.

Nyerere alihangaika na jambo hili kwa miezi, akitafuta njia ambayo haitaivunja nchi yake ya miezi michache wala kumdhalilisha mtu. Februari 1965 akatoka na uamuzi. Ujerumani Mashariki haitatambuliwa na Jamhuri ya Muungano na haitakuwa na ubalozi. Itaruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Hili halikuwa jipya. Cairo ilikuwa na ofisi ya aina hiyo ya Ujerumani Mashariki tangu 1959 na Bonn hawakuvunja uhusiano na Misri kwa ajili hiyo.

Naomba tulielewe hilo vizuri, kwa sababu watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Nyerere aliwachagua Wajerumani Mashariki. Aliwapunguzia hadhi! Kwa hesabu za kidiplomasia Bonn walikuwa wameshinda robo tatu ya walichotaka.

Hawakutosheka. Waliwaondoa wakufunzi wao wa kijeshi mara moja, bila kutoa muda wa kujiandaa, ingawa makubaliano yalikuwa ya miaka mitano. Na ikaeleweka kwamba misaada ya kiuchumi nayo iko hatarini kama Dar haitarudi nyuma.

Jibu la Nyerere ndilo linalonifanya niandike uzi huu. Hakusubiri wakate. Aliwaambia Bonn wachukue na misaada mingine yote ya serikali yao. Hakuvunja uhusiano wa kibalozi wala kumfukuza balozi. Alikataa tu kukaa kwenye kiti ambacho mwenye nacho anakivuta kila anapokasirika.

Na huu haukuwa wakati wa neema. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, uliokuwa umeanza 1964, ulitegemea nje kwa zaidi ya robo tatu ya fedha za maendeleo za serikali kuu. Januari 1965 tulikuwa tumewafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja wao Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, ambaye miaka ya themanini alikuja kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani. Kisha Desemba 1965, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, Tanzania ilitekeleza azimio la nchi za Afrika na kuvunja uhusiano na Uingereza. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Wahisani watatu wakubwa, mwaka mmoja.

Hoja yangu ni hii. Kuuliza kama msaada una masharti ni kupoteza muda, kwa sababu unayo. Cha kuuliza ni kitu gani kitabaki mkononi mwako siku mtoaji akikasirika. Bonn walipokasirika, mkononi mwetu hakukubaki rubani hata mmoja, ilibidi Wakanada waje kuanza kazi ile upya.

Karibuni.

Kariakoo Mzawa

Mkuu Bin Kilosa, heshima kwako. Swali moja kabla sijasema chochote. Umesema Wazungu wa Ulaya nao walipokea ruzuku kutoka Marekani, wakatishwa, wakabanwa. Mbona wao walitoka na viwanda? Kama siasa ilikuwa ileile, tofauti ilikuwa wapi?

Msafiri254

Niko Nakuru, nawasoma kwa makini. Ningependa kuongeza upande wetu, kwa sababu Kenya ilichukua njia nyingine kabisa na ilisifiwa kwa hilo.

Tulipokaribia uhuru, Uingereza ilitoa mikopo na ruzuku, na Benki ya Dunia ikaingiza fedha, ili kununua mashamba ya walowezi yale ya nyanda za juu na kuyagawa kwa wakulima Waafrika. Ule mradi wa ekari milioni moja, ulioanza 1962. Kwenye vitabu vya hesabu unaonekana kama msaada kwa Kenya. Lakini fedha zilikwenda wapi? Zililipwa kwa mlowezi anayefunga mizigo kurudi Uingereza au kuelekea Afrika Kusini. Aliyebaki na deni ni mkulima aliyepewa kipande cha ardhi ambayo babu yake hakuwahi kuiuza. Familia nyingi huku kwetu zilihangaika na deni lile kwa miaka na miaka.

Kwa hiyo kipimo chako, ndugu, cha "nini kimebaki mkononi," ningekiongezea kingine: fedha zenyewe zilishuka mkononi mwa nani. Sisi hatukukatiwa msaada. Tulipewa wote, na bado uliwahudumia waliotoa.

Bin Kilosa

Msafiri254, hilo ni zito na nakushukuru. Nitalirudia.

Kariakoo Mzawa, swali lako ndilo lenyewe. Wengi hudhani Marekani ilituma mabunda ya dola Paris na Roma, serikali zikatumia. Haikuwa hivyo. Chukua mkulima wa Ufaransa anayetaka trekta ya Kimarekani. Ufaransa haina dola. Marekani inamlipa mtengenezaji wake huko huko Marekani kwa dola, trekta inapanda meli. Mkulima haipati bure, anailipa, lakini kwa faranga. Faranga zake haziendi Marekani, zinaingia kwenye akaunti maalumu ndani ya Ufaransa. Kote katika mpango ule, asilimia 5 ya akaunti hizo ilikuwa ya Wamarekani kwa gharama zao na ununuzi wa malighafi, na asilimia 95 ilibaki kwa nchi husika, itumike kwa makubaliano ya pande mbili.

Kwa maneno mengine, bidhaa ileile ilifanya kazi mara mbili. Kwanza trekta ililima. Kisha fedha yake ya ndani ikajenga kitu kingine. Ufaransa ilielekeza sehemu kubwa kwenye umeme, makaa ya mawe, reli na chuma, chini ya mpango uliobuniwa na Mfaransa mwenyewe, Jean Monnet. Uingereza ilizitumia zaidi kupunguza deni la serikali. Wajerumani waliunda benki, KfW, mwaka 1948, wakaigeuza fedha ile kuwa mikopo kwa viwanda na nyumba.

Jambo la pili, Wamarekani waliwalazimisha Wazungu wakae pamoja. Aprili 1948 nchi 16 ziliunda jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi, makao yake Paris, na mapendekezo ya kugawana misaada ilibidi yatoke kwao wenyewe. Waligombana sana, lakini waligombana kwa takwimu zao, mbele ya meza yao.

Na la tatu, ambalo haliepukiki: walikuwa na mafundi, vyuo na wahandisi tayari. Bomu hubomoa kiwanda, haliondoi ujuzi. Sisi 1961 tulianza na wahitimu wa chuo kikuu unaoweza kuwahesabu. Anayesema Afrika ipewe tu "Mpango wa Marshall" wake anaruka hapo.

Mtoto wa Kikwajuni

Assalaam alaykum. Nimeusoma uzi wote na nimeona Zanzibar inatajwa kama tatizo la kutatuliwa na Dar. Naomba niseme kutoka upande huu wa maji.

Mimi nimekulia Kikwajuni, kwenye zile nyumba. Ujerumani Mashariki walizijenga Kikwajuni na Kilimani, kisha mipango yao ndiyo iliyozaa majumba ya Michenzani kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini. Kwa mtu aliyetoka kwenye banda la udongo na makuti Ng'ambo, kupewa nyumba yenye maji ya bomba na umeme halikuwa jambo dogo, na hadi leo wazee wetu wanalisema kwa heshima. Karume aliahidi watu makaazi bora, na Wajerumani hawa walikuja na saruji na wahandisi wakati wengine wanakuja na maswali. Ukimuuliza mzee wa mtaani kwa nini Karume hakuwaacha, atakwambia: mtu hamfukuzi aliyemfaa.

Lakini sitawaficha sehemu ya pili, kwa sababu waliopata madhara nao ni wa kwetu. Walikuja pia na utaalamu wa usalama. Markus Wolf, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wao wa nje, alikuja Unguja mwenyewe mwaka 1964, na watu wao walisaidia kuwafunza maofisa wa usalama wa hapa. Miaka iliyofuata watu walichukuliwa usiku, na wengine hawakurudi. Familia zipo ambazo hazijajua walipozikwa watu wao.

Kwa hiyo Bin Kilosa, kwenye hoja yako ya kinachobaki mkononi: zilibaki nyumba, na ilibaki hofu. Zote mbili zilikuwa msaada wa kidiplomasia wa nchi iliyotaka kutambuliwa duniani. Bonn walinunua kimya chetu juu ya Berlin, na Berlin walinunua sauti yetu. Ukiwasifu wa upande mmoja na kuwalaani wa pili utakuwa hujaiona Zanzibar.

Bin Kilosa

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nakubaliana nawe neno kwa neno, na uzi huu ungekuwa pungufu bila ulichoandika.

Naongeza kitu kimoja kuhusu Berlin Mashariki, kwamba wao ndio walioshinda mchezo ule bila kulipa bei kubwa. Kila Bonn walipomwadhibu mtu kwa sababu yao, Berlin Mashariki walionekana wakubwa kuliko walivyokuwa. Februari hiyohiyo ya 1965 Walter Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, alipokelewa Cairo kwa heshima za kiongozi wa nchi. Bonn wakajibu kwa kufungua uhusiano na Israeli, na nchi kumi za Kiarabu zikavunja uhusiano na Bonn. Kanuni iliyotungwa kuwatenga Wajerumani Mashariki ikaanza kuwatenga Wajerumani Magharibi. Kufikia 1967 Bonn walifungua ubalozi Romania, 1968 wakarudiana na Yugoslavia, nchi zote mbili zikiwa na ubalozi wa Berlin Mashariki. Desemba 1972 Wajerumani wenyewe kwa wenyewe wakatiliana saini mkataba wa kutambuana, na Septemba 1973 wakaingia Umoja wa Mataifa siku moja.

Yaani kile ambacho Dar iliadhibiwa kwacho 1965 kilikuwa kidogo kuliko walichokuja kukubali wenyewe miaka saba baadaye.

Nyati wa Mbozi

Wakuu nimechelewa. Nimefanya kazi ya reli, kwa hiyo mnielewe nikivutia kwangu. Mbona hamjagusa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia? Mwezi uleule wa Februari 1965 Mwalimu alikuwa Beijing!

Bin Kilosa

Nilikuwa nakusubiri wewe, mkuu.

Ndiyo. Wakati Bonn wanafungasha, Nyerere alikuwa ziarani China, na reli ya kwenda Zambia ilikuwa kwenye mazungumzo. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema mradi haulipi. Kwa hesabu za mizigo labda walikuwa na hoja, lakini hesabu zao hazikuwa na safu ya Zambia kunyongwa na Rhodesia. Zambia ilikuwa inapitishia shaba yake Rhodesia ya Smith na kwenye makoloni ya Mreno. Tarehe 5 Septemba 1967 makubaliano yakasainiwa Beijing. Mkopo wa yuan milioni 988, bila riba, malipo ya miaka 30. Kazi ikaanza Oktoba 1970, na Julai 1976 wakakabidhi kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, na kila mwaka ubalozi wao huenda pale kuweka mashada.

Sasa tazama gharama za ndani zililipwaje, yaani mishahara ya vibarua, kokoto, mbao, chakula. China haikuwa na shilingi wala kwacha, na sisi hatukuwa na fedha za kigeni. Basi China ilileta bidhaa kwa mkopo: vitambaa, baiskeli, vyombo, dawa. Zikauzwa madukani kupitia mashirika ya umma ya biashara, wananchi wakalipa kwa shilingi, na shilingi zile zikalipia ujenzi wa reli.

Ni njia ileile ya trekta na faranga! Wamarekani 1948 na Wachina 1970, mahasimu wakubwa, walitumia mbinu moja. Nimetafakari jambo hili kwa muda mrefu na bado linanishangaza kwamba halifundishwi hivyo.

Na faida ya kidiplomasia? Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuirudishia China kiti chake, 76 kwa 35. Kura za Afrika zilikuwa na uzito mkubwa, na balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1981 Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimpigia kura ya turufu raundi baada ya raundi, na China ikafanya hivyohivyo kwa Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa anatetea kiti chake, mpaka wote wawili wakakaa pembeni akapita Pérez de Cuéllar. Pande zote zilikuwa na kumbukumbu.

Kariakoo Mzawa

Hapa ndipo nataka kukupinga, mkuu, na nakupinga kwa heshima.

Kwanza, hiyo heshima ya 1965 ililipiwa na nani? Si na waliokuwa Ikulu. Ilibebwa na kijiji ambacho kisima hakikuchimbwa, na kijana ambaye chuo chake cha ufundi kilichelewa miaka kumi. Katika kisa chako sijaona hata mstari mmoja juu yao.

Pili, tuliwakatalia Wajerumani kwa ajili ya kujitegemea, kisha Azimio la Arusha 1967 likaonya kwamba kutegemea zawadi na mikopo kutahatarisha uhuru wetu. Ni maneno mazuri. Lakini miaka ya sabini ikaisha Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi kwa kila kichwa, Waskandinavia na Benki ya Dunia wakiwa mbele. Kwa hiyo tulibadilisha wahisani tu. Na 1986 tulisaini na Shirika la Fedha la Kimataifa masharti ambayo Bonn ya 1965 isingethubutu kuyataja.

Nyati wa Mbozi

Kariakoo, umegusa kidonda. Na mimi namuongezea Bin Kilosa mzigo. Kipimo chake ni kinachobaki mkononi. Reli ilibaki, kweli, hakuna aliyeweza kuing'oa. Ila ilijengwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka na haikuwahi kuzifikia. Mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja. Nimeona vichwa vya treni vimesimama Mbeya kwa kukosa kipuri kimoja, wenzetu wanakaa miezi bila mshahara, na malori yamejaa barabara ya Tunduma usiku kucha, yamebeba shaba ileile. Mkono wenyewe ukidhoofika, hicho kilichomo kinafaa nini?

Mswahili wa Köln

Naishi Ujerumani mwaka wa ishirini na zaidi, niongeze kwa ufupi. Ile akaunti ya faranga na marki aliyoieleza mwanzisha uzi, kwa Wajerumani haijaisha hadi leo. Fedha zilikopeshwa, zikalipwa na riba, zikakopeshwa tena. Mfuko upo, na bado unatoa mikopo nafuu kwa biashara ndogo na za kati. KfW hiyohiyo leo ndiyo inayofadhili miradi ya maji na hifadhi za wanyama Tanzania. Ukiona bango lao huko Serengeti au Kigoma, shina lake ni ngano na pamba ya Marekani ya 1948.

Na msisahau 1953. Mwezi Februari, pale London, wadai wa Ujerumani Magharibi walikubali kufuta karibu nusu ya madeni yake ya nje, na Ugiriki, iliyokaliwa na kunyonywa na Wajerumani wakati wa vita, ilikuwa miongoni mwa waliosaini. Miaka minane tu baada ya vita! Tanzania ilisubiri hadi Novemba 2001 kupata msamaha mkubwa wa madeni.

Bin Kilosa

Asante, Köln. Umenipa nilichohitaji kumjibu Nyati na Kariakoo.

Kariakoo, kuhusu kisima na chuo sina la kukupinga. Gharama ilikuwepo na wenye kauli hawakuilipa wao. Bado nasema Nyerere alikuwa sahihi 1965, kwa sababu kilichokuwa mezani kilikuwa zaidi ya kisima. Mezani kulikuwa na Muungano wa miezi kumi. Angekubali Bonn waamue nani afungue ofisi Zanzibar, Karume angejua kwamba neno la mwisho juu ya Unguja linatoka Ulaya kupitia Dar. Sidhani Muungano ungeuona mwaka 1966. Lakini wahisani wa miaka ya sabini hawakuwa na sura ya ukali wa Bonn, walitupenda, na ndiyo maana hatukuwauliza swali tulilowauliza Wajerumani. Hapo uko sahihi kabisa. Na swali la Msafiri254, fedha zimeshuka mkononi mwa nani, nalo hatukuwauliza.

Nyati, kwako jibu liko kwenye tofauti ya mifuko miwili. Faranga na marki ziliingia kwenye akaunti. Wajerumani wakaigeuza ya kwao kuwa mfuko wa mikopo unaojizungusha, kwa hiyo ulipokwisha msaada, chanzo cha mtaji kilibaki. Shilingi zetu za baiskeli na vitambaa ziliingia kwenye kokoto na mishahara, reli ikakamilika, akaunti ikaisha. Hakukuwa na mfuko wa vipuri wala wa vichwa vipya vya treni. Na nauli za mizigo zilipangwa na serikali mbili, kila moja ikitazama siasa zake, wakati deni linaanza kudai.

Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zimetiliana saini hati ya makubaliano huko Beijing ya kuifufua TAZARA, na safari hii wanaokuja ni kampuni inayotaka kurudisha fedha yake. Mwenye kuupata mkataba kamili auweke hapa. Nitaanza kusoma vifungu viwili: akaunti ya matengenezo inawekwa wapi, na nani anaitia saini kutoa fedha.